Mwali na Kungwi Wake: Juu ya Gharama na Maana ya Sherehe za Wasichana

Kila mwaka, wanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali wafikapo kwenye insha za mjadala, hupewa na walimu wao, nami nikiwa mmoja wa walimu hao, mada ambayo imekwisha kuchakaa kama noti ya zamani: “Sherehe za kumtoa mwali ni ubadhirifu wa mali. Jadili.” Na kila mwaka tunapokea rundo la madaftari yenye jibu moja. Mwanafunzi huanza kwa kueleza kwamba unyago ni mafunzo ya jadi apewayo msichana aliyevunja ungo. Hutaja ngoma, nguo, pilau na zawadi. Halafu hukata shauri kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kulipia karo. Hupata alama nzuri. Sijapata kumwona mwalimu aliyempunguzia mtu alama kwa kusema kwamba karo ni bora kuliko ngoma.

Nimekusudia katika makala haya kuihakiki mada hiyo yenyewe. Kasoro yake si kwamba jibu lake ni la uongo. Kasoro ni kwamba mtu aweza kuijibu pasipo kujua lolote juu ya sherehe zenyewe: nani alilipa, nani alilipwa, na alilipwa kwa kazi gani. Gharama huwekwa upande mmoja na maana upande wa pili, kana kwamba maana ni roho ielekayo juu na gharama ni mwili uliobaki chini. Naona kwamba katika sherehe za mwali vitu hivi viwili havikuwa viwili. Maana ilikuwamo ndani ya malipo, na ndiyo sababu malipo yanapopotea njia, maana nayo hupotea, hata kama karamu imezidi kuwa kubwa.

Imenilazimu kuyafikiri hayo kwa sababu ya jambo lililotokea katika ukoo wetu, ambalo nitalisimulia mbele. Kwanza tuyatazame maneno, maana hayo ndiyo kazi yetu.

Yeyote aliyewahi kupekua kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, amekutana na ukoo mzima wa maneno ya ada zilizotolewa msichana alipoozwa. Kuna mkaja, kuna ubeleko, kuna kilemba, kiosha miguu, kifungua mlango na kipa mkono. Mkaja kwa asili ni nguo ajifungayo mwanamke tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, nalo neno latokana na kitenzi kubeleka. Vitu hivi viwili alipewa mama wa msichana, na maana yake haihitaji mfasiri: huyu ni mwanamke aliyefunga tumbo kwa ajili ya huyu binti, akambeba mgongoni, na leo watu wanaomchukua wanakiri deni hilo. Kilemba kilikuwa cha baba. Kiosha miguu kilitolewa kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeosha miguu. Kifungua mlango, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeushika mlango akakataa kuufungua mpaka alipwe.

Tazameni jinsi maneno haya yalivyoundwa. Hakuna hata moja linalotaja kitu kilicholiwa. Hakuna linalotaja mahali palipopambwa. Kila moja linataja kazi iliyofanywa kwa mwili wa mtu fulani, na mtu huyo anajulikana. Mhasibu angeliweza kuandika orodha nzima ya gharama za arusi ya zamani, na orodha hiyo ingelikuwa wakati huohuo orodha ya watu waliomlea msichana. Sisemi kwamba gharama hizo zilikuwa ndogo. Nasema zilikuwa na majina.

Katikati ya orodha hiyo anasimama kungwi. Ndiye aliyekabidhiwa mwali tangu siku alipovunja ungo, akakaa naye ndani, akamfunza usafi, heshima, jinsi ya kusema na watu na jinsi ya kunyamaza, mambo ya mume na nyumba. Mahali pengi huitwa pia somo, na hapo lugha imetufanyia jambo ambalo walimu tungepaswa kulishangilia: mtu anayefunza na kitu kinachofunzwa vimevaa neno moja. Vitabu vyetu vya shule, kwa haraka zao, hueleza unyago kuwa “jando la wasichana”, nao wanafunzi huondoka wakidhani kwamba ni tohara. Kosa hilo limeenea mno, na ningeomba kila mwalimu alisahihishe. Jando lina ngariba na kisu. Unyago wa Waswahili una mwalimu na ngoma.

Mtu wa kwanza kutuandikia mambo haya kwa urefu, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kirumi, alikuwa mwalimu mwenzetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa karibu na Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1903. Kitabu hicho kinamfuata mtu tangu kuzaliwa hata kuzikwa: michezo ya watoto, chuo, jando, unyago, ngoma, utumwa, safari, arusi, madeni. Tumezoea kukisoma kama ghala la mila. Nimekisoma tena safari hii kama kitabu cha hesabu, na nakiri kwamba kimenipendeza zaidi hivyo. Mtoro hana haya ya kutaja mali. Panapofanyika tendo, atakwambia nani hupewa nini. Haoni kwamba kutaja fedha kunalichafua tendo, wala halii juu ya ubadhirifu. Kwake yeye ada ni sehemu ya tendo, kama vile mwisho wa mstari ni sehemu ya shairi.

Lakini msomaji mwangalifu ataona pia upungufu wake. Mtoro ni mwanamume, naye anaandika kwa ajili ya Wajerumani wanaojifunza lugha ili watawale. Anauona unyago kutoka uani: anaona kinachoingia ndani na kinachotoka. Mwanamume wa pwani aliujua unyago hasa kwa njia ya mfuko wake, na kwa hiyo haishangazi kwamba anachokijua vizuri ni malipo. Wale waliokuwa ndani hawakuulizwa. Sauti zao zilichelewa sana kuandikwa. Margaret Strobel na Sarah Mirza walipokusanya masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyotolewa kwa Kiswahili chake chenyewe mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili, zilikuwa zimekwisha kupita karibu miaka 90 tangu kitabu cha Mtoro. Mwalimu anayeweza kuvipata vitabu hivi viwili na avisomeshe pamoja. Darasa litajionea lenyewe jinsi habari inavyobadilika anayesimulia akiwa ni mtu aliyecheza ngoma.

Na hapa historia inaanza kuitatiza insha yetu ya ubadhirifu. Ni akina nani waliokuwa makungwi? Utafiti wa Strobel juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, uliotoka mwaka 1979, waonyesha kwamba mila hizi zilishikwa kwa sehemu kubwa na wanawake wenye asili ya utumwa, waliozileta kutoka bara kwa watu wao wa asili, zikaingia hata katika nyumba za waungwana. Unguja ilikuwa vivyo hivyo. Laura Fair ameeleza jinsi, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa, ngoma za kuwacheza wali zilivyokuwa mojawapo ya njia za wanawake wa asili mbalimbali kufanywa kuwa watu wa mji mmoja. Tufikiri maana ya jambo hilo. Mwanamke ambaye jana alikuwa mali ya mtu, ambaye hakuwa na nasaba ya kujivunia wala shamba la kurithi, leo anaitwa kwenye nyumba ya tajiri, anaketishwa, anasikilizwa, na hawezi kuondoka bila kulipwa. Binti wa bwana wake wa zamani anamwita somo, na atamheshimu hivyo hata atakapokuwa bibi mzee. Ikiwa fedha iliyonunua heshima ya namna hiyo ilikuwa ya kutupwa, basi sijui ni fedha gani haikutupwa.

Watu wa umri wangu wanamkumbuka Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 1913 ikiwa imepita karne na zaidi — nimeandika kwa makusudi mwaka ambao wanafunzi wangu hupenda kuukosea. Alifariki mwaka 2013, naye mwenyewe alizaliwa yapata mwaka 1910. Dunia ilimpa tuzo kwa sababu ya taarabu. Kwao alikuwa pia mwalimu wa unyago, mwanamke wa msondo, na wasichana wengi walipita mikononi mwake. Mtu maskini kwa mali, ambaye mji mzima ulikuwa na deni kwake.

Sasa, asije mtu akadhani kwamba nimegeuka wakili wa karamu. Wapinzani wa sherehe hizi hawakuwa wajinga, na baadhi yao walikuwa watu wa pwani yenyewe. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwashambulia watu wake kwa kalamu kali kwa kufuata mambo yasiyo na faida na kumaliza mali huku elimu ikiwapita. Alikuwa ameyaona kwa macho yake. Vyama vya wanawake vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa ngoma na karamu, chama hiki kikijibu kile, na anayejibu hana budi kuzidisha. Jambo hilo lilikuwa na mizizi mirefu. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya miji ya Mrima kabla ya vita vya Wajerumani vya mwaka 1888, aonyesha jinsi wenye vyeo walivyojifilisi kwa karamu, wakikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi ili wasishindwe na wapya waliokuwa wakipanda. Karamu ilikuwa vita, na wali na maharusi walikuwa viwanja vyake.

Wala madhara hayakwisha na mambo ya kale. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako unyago bado unachezwa, walimu wa Tanzania wamelalamika kwa muda mrefu kwamba binti mdogo sana huingizwa katika mafunzo ya watu wazima, kisha hurudi darasani akiwa ameambiwa kwamba amekwisha kukua, na haoni tena maana ya kukaa kwenye dawati. Malalamiko haya nayakubali bila kusitasita. Mtoto wa miaka 10 si mwali, hata akichezewa ngoma ya siku saba. Lakini angalieni kwamba hapo lawama ni juu ya somo linalotolewa na umri wa anayepewa. Pilau haina hatia.

Na mtu akitaka kujua kama mafunzo yanaweza kutolewa bila karamu yoyote, jibu limo katika fasihi yetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumwusia binti yake Mwana Hashima. Gharama yake ilikuwa karatasi na wino. Ni unyago mzima uliogeuzwa kuwa maandishi: ibada, adabu, mume, nyumba, maskini. Wahakiki wamegombana juu ya utii unaohubiriwa humo, na wana haki ya kugombana. Mimi natazama jambo dogo zaidi. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala wa Siyu, mwanamke wa nyumba kubwa, mwenye kusoma na kuandika. Aliweza kumfunza binti yake kwa kalamu. Asiyekuwa na kalamu alifunza kwa msondo, na msondo unataka wapigaji, nao wapigaji wanataka kula. Tukisema kwamba utendi ni fasihi na ngoma ni ubadhirifu, tuangalie tusije tukawa tumepima tu nani alisoma chuoni.

Nimefika Kigali.

Wanyarwanda hawakuwa na unyago wa namna ya pwani, na hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wangu huliandika kwa fahari, nao wana sababu. Binti wa Kinyarwanda alipofikia umri wa kuolewa, habari hiyo ilitangazwa na nywele zake: alinyolewa amasunzu, zile nywele zenye matuta kama mwezi mwandamo, na kila ampitaye njiani alijua. Baadaye, akiwa mama, angevaa urugori kichwani. Mafunzo yake aliyapata katika urubohero, mahali wasichana walipokutana kusuka mikeka na vikapu, wakubwa wakiwafunza wadogo huku mikono ikifanya kazi. Hapakuwa na karamu. Shule ile ilijilipia kwa mikeka yake.

Karamu ilingoja arusi. Na hapo nawaomba walimu wenzangu mlitazame neno moja la Kinyarwanda ambalo, kwa maoni yangu, lingefaa kufundishwa pamoja na neno mwali: gutwikurura. Maana yake ni kufunua. Bibi arusi alikaa ndani baada ya kuolewa, hafanyi kazi za nje, hatoki ovyo, mpaka siku watu wa kwao walipokuja na vyakula na zawadi kumtoa. Ndipo alipofunuliwa, akawa mwenye nyumba. Mswahili wa Mrima angelielewa tendo hilo bila mkalimani: huyu ni mwali anayetolewa nje. Tofauti ni kwamba pwani mwali alitolewa ili aolewe, na huku aliolewa kwanza ndipo akatolewa.

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1907 na Waswahili walikuwamo tangu mwanzo: askari, wapagazi, wafanyabiashara kutoka Tanganyika na Kongo. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Utawala wa Wabelgiji uliwatenga watu hawa katika mtaa wao, na Biryogo ikawa mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya mama wakati sehemu nyingine za nchi zilikiona kuwa lugha ya wageni na wahuni. Leo tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Wale bibi wa Biryogo walikuja na mila zao, nazo zikakutana na za Kinyarwanda, na watoto wao wameoana. Kwa hiyo sherehe ya binti wa Kigali siku hizi ni mto wenye vyanzo viwili: gusaba na gukwa vya Kinyarwanda, na usiku wa wanawake ambao Dar es Salaam huuita kicheni pati au, ukiwa mkubwa wa ukoo mzima, sendofu. Kuvunja ungo kwenyewe hakutangazwi tena. Kila kilichokuwa cha mwali kimehamia kwenye mkesha wa arusi yake, naye aghalabu ana shahada ya chuo kikuu na kazi benki.

Mwaka jana nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya sherehe ya binti wa ndugu yangu. Nilichaguliwa, nadhani, kwa sababu ya mwandiko wangu. Tulikutana sebuleni Biryogo Jumapili tano mfululizo. Niliandika ukumbi, mapambo, viti na vitambaa vyake, wapiga picha wawili, gari, keki, vyombo vya muziki, mshereheshaji, itorero la wacheza ngoma, mishanana ya kukodi kwa wanawake kumi na wawili, vinywaji, chakula. Jumla ilipita mshahara wangu wa mwaka mzima. Nikaandika pia michango, ile ambayo Kinyarwanda huiita intwererano, na majina ya walioahidi, na majina ya walioahidi wasitoe. Ndugu yangu aliyabeba mapengo kwa kukopa katika ikimina, chama chake cha kuweka na kukopa, na mpaka ninapoandika haya hajamaliza kulipa.

Jumapili ya nne alikuwako bibi yake binti mzaa mama, aliyezaliwa Ujiji, mwanamke anayesikia vizuri kuliko anavyojifanya. Niliposoma orodha hadi mwisho, alisema: “Mwalimu, nimesikia wa kupiga picha, nimesikia wa kupiga ngoma. Wa kumfunza ni nani?” Mwenyekiti akamjibu kwa heshima: “Bibi, hilo limo. Mshereheshaji ana kipindi cha nasaha, dakika kumi na tano.” Bibi hakusema neno tena. Alichukua mkono wa mjukuu wake akauweka juu ya paja lake, akabaki ameushika mpaka mkutano ukavunjika.

Nilirudi nyumbani nikaisoma ile orodha kama nilivyowahi kumsoma Mtoro. Ukumbi, keki, vitambaa, gari. Kila neno ni jina la kitu. Hakuna hata moja linalomtaja mtu aliyemtendea binti jambo lolote kabla ya siku ile. Mama aliyembeba mgongoni hakuwamo. Alikuwamo katika orodha ya wachangiaji tu, namba tatu. Hata waliotajwa kwa kazi zao, wapiga picha na mshereheshaji, hawamjui binti na hawatamjua kesho. Nami nilifikiri juu ya vitenzi vya Kinyarwanda, gusaba, gukwa, gutwikurura, gutwerera: kuomba, kutoa mahari, kufunua, kuchangia. Vyote ni matendo ya watu kwa watu. Siku hizi hata wale wasemaji wawili wa gusaba, umukwe mukuru na umusangwa mukuru, ambao walikuwa wazee wa ukoo waliozijua nasaba zote mbili, mara nyingi ni mafundi wa kukodiwa. Wanasema vizuri, nimewasikia na nimecheka. Amazina y’inka wanayaimba kwa ng’ombe ambaye wakati mwingine ni bahasha. Kufunuliwa kwenyewe hufanywa aghalabu siku ile ile ya arusi, kwa hiyo binti anafunuliwa pasipo kufunikwa kwanza.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wenyewe, nao si ukubwa wa gharama. Karamu ya zamani ilimlipa mwalimu. Ya sasa inalipa mapambo. Kungwi ameondolewa katika hesabu, na nafasi yake imegawanywa kati ya watu wanaokodiwa kwa saa. Sitaki kukuza mambo: makungwi wapo bado, Dar es Salaam na Tanga na Unguja, na wengine wanakodiwa kwa bei kubwa kuja kwenye kicheni pati na kusema kwa kipaza sauti. Lakini somo anayekuja na kipaza sauti akaondoka usiku ule ule amebakiza jina la kazi tu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa.

Mtu ataniambia kwamba binti mwenye shahada hahitaji kufunzwa na bibi wa Ujiji. Labda. Mengi aliyofunza kungwi yanafunzwa leo na shule, zahanati na simu, na baadhi ya mafunzo yake kuhusu mume yafaa yaachwe yafe. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2016 juu ya watu na familia iliziachia familia zikubaliane mahari kwa mujibu wa mila, lakini ikakataa mahari yasiwe sharti la ndoa. Kwa hiyo hata msichana asiye na ng’ombe wala ukumbi aliweza kuolewa. Mwaka 2020, Korona ilipozuia mikusanyiko na baadaye arusi zikaruhusiwa kwa watu wachache tu, vijana wengi wa Kigali walioana mbele ya wazazi na mashahidi, wakapiga picha mlangoni, wakaenda zao. Nilihudhuria mojawapo. Palikuwa na muda mwingi wa kuzungumza. Shangazi wawili walikaa na bibi arusi tangu adhuhuri hata magharibi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda, na sijui walimwambia nini, lakini alitoka ndani akiwa na uso mwingine. Kizuizi kilipoondolewa karamu zilirudi na riba.

Sherehe ya binti wa ndugu yangu ilifana. Kile kipindi cha nasaha kilikatwa kikawa dakika tano, kwa sababu keki ilichelewa. Lakini siku mbili kabla, bibi alimwita mjukuu wake nyumbani kwake, akafunga mlango, na binti hakuonekana mpaka asubuhi ya arusi. Saluni ilimngoja bure. Mama yake mdogo alimpelekea bibi doti moja ya khanga na kilo mbili za sukari. Nilipofunga hesabu za kamati niliuliza niviandike wapi, nikaambiwa visiandikwe, si vya kamati.

Mwaka huu nimeibadilisha mada ya insha. Nimewaandikia wanafunzi ubaoni: “Mwulize mwanamke mzee wa kwenu: siku ulipokuwa mwali, ni nani aliyekufunza, naye alipewa nini? Andika majibu yake kwa Kiswahili fasaha.” Wazazi wawili wamekuja kulalamika kwamba swali hilo halitatoka katika mtihani, nao wamesema kweli. Madaftari yamerudi kumi na tisa kati ya thelathini na manne. Yana makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi, hasa katika ngeli ya tano na ya sita, lakini hakuna mawili yanayofanana. Mmoja ameandika jembe. Mmoja ameandika chumvi. Mmoja bibi yake alimjibu kwamba swali hilo haliulizwi na mtoto mwanamume, akamfukuza, naye kijana ameandika kurasa mbili juu ya kufukuzwa huko. Msichana mmoja wa Nyamirambo ameandika nusu ukurasa tu: bibi yake alifunzwa na mke wa kaka yake wakati wakisuka mkeka, hakulipwa kitu, na mkeka wenyewe upo, umewekwa juu ya kabati, na yeye hakuwa ameuliza kamwe ni wa nini.